Mgeni Mwenye Jarida Lake

Mwaka 2002, mtu aliyeshuka Shanghai bila kujua neno hata moja la Kichina alikuwa na mwenyeji wa karatasi. Aliingia kwenye mkahawa uliouza kikombe cha kahawa ya maziwa kwa bei ambayo kibarua wa ujenzi angeshibia mchana na usiku, na karibu na mlango akakuta rundo la majarida ya Kiingereza yanayotolewa bure. Mojawapo liliitwa that's Shanghai. Ndani alikuta daktari wa meno anayezungumza Kiingereza, shule ya kimataifa, duka lenye jibini la Ulaya, baa yenye bendi siku ya Ijumaa, kampuni ya kufungasha vyombo na kuvisafirisha. Katika majarida ya aina hiyo anwani huchapwa mara mbili: kwa herufi za Kilatini ili msomaji ajue anakokwenda, na kwa herufi za Kichina ili dereva wa teksi ajue anakompeleka. Mgeni hakuhitaji kutamka chochote. Aliweka kidole kwenye mstari, dereva akasoma, gari likaondoka.

Jarida lilimfikisha kila kona ya mji, na papo hapo likamwondolea sababu ya kujifunza kuuliza njia.

Miji mingi mikubwa imewahi kuwa na chapisho la namna hii. Tokyo ina Tokyo Weekender tangu 1970. Wageni wa Osaka, Kyoto na Kobe walisoma Kansai Time Out kuanzia 1977 hadi 2009. Ukuta wa Berlin ulipoanguka na vijana wa Kimarekani wakamiminika Prague kufuata bia ya bei nafuu na kodi ndogo ya nyumba, The Prague Post likazaliwa huko mwaka 1991. Mwaka uliofuata Mholanzi Derk Sauer akaanzisha The Moscow Times, gazeti lililogawiwa bure kwenye hoteli na mikahawa ya Moscow. Berlin yenyewe ilipata Exberliner mwaka 2002, jina lililoshonwa kwa kuunganisha mkazi wa Berlin na mtu anayeishi nje ya nchi yake.

Ukiyasoma machapisho haya kuanzia mbele, utadhani yaliletwa na upweke: watu walio mbali na kwao wanatafutana kwa lugha yao. Yasome kuanzia nyuma. Huko ndiko yaliko matangazo madogo: friji inauzwa kwa kuwa mwenyewe anarudi Australia, chumba kinatafutiwa mpangaji, mwalimu wa Kifaransa anatafuta wanafunzi, mtu mzima mpweke anatafuta wa kupanda naye milima. Jarida ambalo wakazi wa Tokyo walikuja kulijua kwa jina la Metropolis lilianza mwaka 1994 likiitwa Tokyo Classified, yaani matangazo madogo ya Tokyo. Waanzilishi hawakuona haja ya kuificha biashara yao. Makala za sinema na migahawa zilikuja kuziba nafasi kati ya tangazo na tangazo.

Hesabu yake ni nyepesi. Msomaji halipi, kwa hiyo wa kulipa ni mwenye duka, na mwenye duka hatoi hela mpaka aione pochi. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, pochi ya mgeni wa Shanghai haikuwa ya kawaida. Meneja aliyetumwa na kampuni ya Ulaya au Marekani mara nyingi alilipiwa nyumba, akalipiwa karo ya watoto, akalipiwa tiketi za kwenda likizo kwao, na mshahara wake ukabaki karibu mzima. Ndiyo maana kurasa zilijaa shule na zahanati za kimataifa, fleti zenye huduma, na mlo wa Jumapili wa hotelini wenye shampeni ya kunywa mpaka uchoke. Shule iliyotangaza humo haikuwa inambembeleza mzazi peke yake. Ilikuwa inaifuata posho aliyopewa na mwajiri. Jarida lilikuwa dalali kati ya posho na wanaoitaka.

Neno dalali lina historia katika mji huo. Gazeti la kwanza la Kiingereza la Shanghai, North China Herald, lilianzishwa mwezi Agosti 1850 na Mwingereza Henry Shearman, na kazi yake ilikuwa hiyo hasa: dalali wa mnada. Bandari ilikuwa imefunguliwa kwa wafanyabiashara wa kigeni mwaka 1843, baada ya China kushindwa katika Vita vya Afyuni na kutia saini Mkataba wa Nanjing. Mtu wa mnada anataka watu wajue meli gani imetia nanga na shehena gani inauzwa lini, na gazeti likawa mbiu yake. Ndugu yake wa kila siku, North China Daily News, alianza kutoka mwaka 1864, akajijengea jumba kwenye ufuko wa Bund lililokamilika mwaka 1924 na ambalo bado limesimama, akafungwa mwaka 1951, miaka miwili baada ya Wakomunisti kushika dola.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina sura yake ya kisa hiki. Gazeti la The Gazette for Zanzibar and East Africa lilianza mwaka 1892, miaka miwili tu baada ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza, likatoka kwa lugha ambayo wakazi wengi wa visiwa hivyo hawakuisoma. Dar es Salaam ya Wajerumani ilipata Deutsch-Ostafrikanische Zeitung mwaka 1899. Mombasa, mwaka 1902, African Standard lilianzishwa na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi aliyepata utajiri kwa kandarasi za reli ya Uganda. Aliliuza mwaka 1905, likaitwa East African Standard, likawa sauti ya walowezi. Ndilo The Standard la Nairobi la leo.

Tofauti kati ya enzi hizo na enzi ya that's Shanghai ni nani aliyeshika ufunguo wa nyumba. Msomaji wa North China Herald alilindwa na manowari, akahukumiwa na mahakama za kwao, akaishi katika mtaa uliokuwa na baraza na polisi wake. Mgeni alikuwa wa jina tu. Uingereza na Marekani zilitia saini mikataba ya kuachia kinga hizo mwaka 1943. Aliyefika miaka ya 1990 alifika na viza, na viza ina tarehe ya mwisho.

Mark Kitto, mtu aliyekuwa nyuma ya that's Shanghai, alifika na viza, ila alikuwa na kitu ambacho wasomaji wake wengi hawakuwa nacho: alijua Kichina. Kapteni huyo wa zamani wa kikosi cha Welsh Guards cha jeshi la Uingereza alikisomea SOAS, chuo kilekile cha London kilichopitiwa na wasomi wengi wa Kiswahili. Aliiona Beijing kwa mara ya kwanza mwaka 1986 akiwa mwanafunzi, akarudi baadaye kufanya biashara ya metali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akaingia kwenye majarida, na kwa miaka michache that's Shanghai likapata ndugu zake Beijing na Guangzhou.

Tatizo lilikuwa namba. Nchini China jarida halali hubeba namba ya usajili iitwayo kanhao, na mamlaka huitoa kwa taasisi za Kichina zilizo chini ya mkono wa dola. Mgeni haipati. Anachoweza kufanya ni kuitafuta taasisi yenye namba na kushirikiana nayo: yeye alete waandishi, wauza matangazo na jasho; taasisi ilete namba, pamoja na mkaguzi wa kuzipitia kurasa kabla hazijaenda mtamboni. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaujua ushirika wa namna hii. Mtaji ni wa huyu, leseni ina jina la yule, na kila mmoja anatabasamu mpaka siku duka litakapoanza kuingiza fedha za kweli.

Siku hiyo ilifika mwaka 2004. Kitto aliyapoteza majarida yake kwa upande ulioshika leseni. Wala that's Shanghai halikufa. Lilibadilisha bosi, likaendelea kutoka.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hiyo hutajwa kumkemea mgeni mvivu, huku watu wakisahau kwamba mtoa jembe ndani yake ni mwenyeji. Wasomaji wengi wa majarida haya hukaa miaka miwili au mitatu, mkataba ukaisha, wakauza friji kwenye kurasa za nyuma na kuondoka wakiwa bado katika siku ya pili. Kitto hakusubiri kupewa jembe. Alilichukua mwenyewe, akalima, akapalilia, na msimu wa kuvuna ulipokaribia akaambiwa shamba lina mwenyewe.

Hakurudi kwao mara moja. Alihamia Moganshan, mlima wenye misitu ya mianzi katika jimbo la Zhejiang, ambako tangu mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari na wafanyabiashara wa kigeni walijenga nyumba za kukimbilia joto la Shanghai. Huko, pamoja na mkewe ambaye ni Mchina, akafungua mkahawa, na mwaka 2009 akatoa kitabu, China Cuckoo, kuhusu utajiri alioupoteza na maisha aliyoyapata. Mwezi Agosti 2012 jarida la Prospect la Uingereza likachapisha makala yake iliyozua mjadala mkubwa: alikuwa anaondoka, kwa kuwa alikwisha kuamini kwamba mtu wa nje hawezi kuwa Mchina hata akae vipi, na hakutaka wanawe wasomeshwe kwa mfumo wa shule za huko. Mwaka uliofuata familia ilikuwa Norfolk, mashariki mwa Uingereza.

Anayeona kwamba hayo ni mambo ya China peke yake na aitazame Moscow. The Moscow Times lilianza kama gazeti la hotelini, kwa ajili ya wanasheria, watu wa mabenki na wanadiplomasia waliokuja kushuhudia Urusi ikifungua soko. Kadiri miaka ilivyopita likawa gazeti la kuchimba: siasa, rushwa, vita. Karatasi ilikoma mwaka 2017, gazeti likabaki kwenye intaneti. Mwaka 2020 likaongeza huduma ya Kirusi, yaani likaacha kuzungumza na wageni tu, likaanza kuzungumza na wenyeji. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, chumba cha habari kilihamia Amsterdam. Mwaka 2023 serikali ya Urusi ikaliita wakala wa kigeni, na Julai 2024 ikalitangaza kuwa taasisi isiyotakiwa, hatua inayomweka hatarini kisheria mtu yeyote aliye Urusi anayeshirikiana nalo. Wakati lilipokuwa likieleza ni mgahawa gani una nyama nzuri, halikumkera mtu.

Kwa hiyo jarida la wageni lina masharti mawili ambayo hayaandikwi ukurasa wa kwanza. Linazaliwa kwa sababu ya pochi ya msomaji, na linavumiliwa maadamu msomaji huyo anabaki mgeni.

Hapo ndipo linapokuja neno lenyewe, ekspati, kama linavyotamkwa kwenye ofisi za Dar es Salaam na Nairobi. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni mtu aliye nje ya nchi ya baba zake. Kwa kipimo hicho, Mtanzania anayeosha vyombo Houston ni ekspati sawasawa na mhandisi wa Kiskoti anayeishi Masaki. Hakuna anayelitumia hivyo. Mwezi Machi 2015 mwandishi kutoka Togo, Mawuna Remarque Koutonin, aliuliza katika gazeti la The Guardian kwa nini Wazungu ni maekspati na wengine wote ni wahamiaji, na makala yake ikazunguka dunia. Jibu lake lilikuwa rangi ya ngozi, na ni nani aliyewahi kupanga foleni ya viza atakayembishia? Hata hivyo kurasa za nyuma zina la kuongeza. Wajapani waliotumwa Shanghai na kampuni zao walikuwa na majarida yao ya bure, kwa Kijapani, yenye matangazo ya kliniki na nyumba kama yale ya Kiingereza. Mwenye tangazo hakuuliza rangi. Aliuliza nani anakulipia kodi.

Kiswahili kimejitungia maneno yake kwa watu wake walio nje, na yote yananuka jasho. Mzamiaji ni aliyejificha ndani ya meli, au aliyeingia kwa viza ya matembezi na asirudi. Mbeba boksi ni Mtanzania aliye Marekani au Uingereza, awe kweli anapakua maboksi ghalani au anawauguza wazee usiku. Mwanamke wa Kenya anayefanya kazi za ndani Riyadh ameitwa kadama, neno lililookotwa kwenye Kiarabu. Hivi karibuni serikali zimekuja na dayaspora, neno lenye suti, hasa wakati wa kuzungumzia fedha zinazotumwa nyumbani. Maneno haya yanataja kazi, au njia aliyopita mtu, au hela anazotuma. Ekspati halitaji lolote kati ya hayo. Linataja mkataba mzuri.

Tuirudie basi China, tushuke kusini hadi Guangzhou, ambako jarida la Kitto nalo lilikuwa na toleo lake. Katika miaka ileile ya mwishoni mwa 1990 na kuendelea, wafanyabiashara wa Kiafrika walianza kufurika katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Walivutwa na Maonyesho ya Canton, yanayofanyika kila majira ya kuchipua na ya kupukutika tangu mwaka 1957, pamoja na masoko ya jumla ya nguo, simu, vipuri na vigae. Jengo la Tianxiu likawa maarufu kutoka Bamako hadi Kariakoo. Ndani ya lifti zake mtu angeweza kusikia Kiigbo, Kilingala na Kiswahili kabla hajafika ghorofa ya kumi.

Mgeni huyu alihitaji mwongozo kuliko meneja wa Shanghai. Alitaka kujua hoteli gani inampokea mwenye pasipoti ya Kiafrika na chakula cha halali kinapikwa wapi. Alitaka kujua kwamba sheria inamtaka mtu aliyefikia kwenye nyumba ya kupanga ajiandikishe polisi ndani ya saa 24. Alitaka kujua kiwanda kipi hupeleka kontena lenye mzigo uleule uliooneshwa kwenye sampuli, na nani wa kumwona mzigo ukija tofauti. Mambo hayo yangejaza kurasa za jarida nene kila mwezi, tena ya kusomwa kwa makini kuliko habari za mlo wa Jumapili. Yalipita mdomoni, kutoka kwa aliyetangulia kwenda kwa aliyefuata, yakiwa na chumvi na mapengo ya kila habari inayopita mdomoni.

Si kwamba watangazaji hawakuwepo. Mawakala wa mizigo wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo walioko Guangzhou wanatangaza kwa Kiswahili kila siku kwenye simu: mzigo unapokelewa huku, unauchukua Dar, unauchukua Nairobi, bei kwa kilo, bei kwa ujazo. Ila tangazo hilo limegeuza mgongo kwa Guangzhou. Linamtazama mnunuzi aliye nyumbani, kwa sababu hela ziko nyumbani. Mswahili aliye Xiaobei kwa viza ya siku 30 si soko la mtu.

Hasara ya kukosa mwongozo wa maandishi ilionekana Aprili 2020. Katika hofu ya korona, Waafrika wa Guangzhou walifukuzwa kwenye nyumba walizopanga, wakakataliwa hotelini, wengine wakalala barabarani. Mabalozi wa nchi za Kiafrika walioko Beijing walimwandikia waziri wa mambo ya nje wa China kulalamika. Maswali ya wiki hiyo yalikuwa yaleyale ya kurasa za huduma za jarida lolote la mji: hoteli ipi iko wazi, hospitali ipi inapima, namba ipi ipigwe, haki ya mpangaji ni ipi. Majibu yalitafutwa kwenye ujumbe wa sauti, simu kwa simu, uvumi ukikimbia sambamba na ukweli. Na China haikuwa ngeni katika Kiswahili. Radio Peking ilianza kutangaza kwa lugha hii mwaka 1961, na matangazo hayo yameendelea vizazi kwa vizazi. Mswahili aliyekaa kwao Tabora au Mombasa aliandaliwa vipindi. Aliyepanda ndege akaenda hakuandaliwa hata karatasi moja.

Ni haki pia kuyatetea majarida ya wageni, maana si vijitabu vya starehe tu. Yamekuwa shule ya vijana wengi wa uandishi, wageni na wenyeji, ambao magazeti makubwa yasingewapokea. Na kwa kuwa mwandishi wake hana shangazi mjini wa kumwogopa, mara nyingine huuliza swali ambalo mwenyeji amelizoea mno hata halioni. Udhaifu wake ni kwamba swali hilo humfikia msomaji ambaye kesho kutwa anaondoka.

Siku hizi msomaji mwenyewe anapungua. Sensa ya China ya mwaka 2010 iliwahesabu Shanghai watu 208,602 waliotoka nchi za nje, Hong Kong, Macau na Taiwan. Ile ya 2020 iliwakuta 163,954, na hiyo ilikuwa kabla ya masika ya 2022, mji ulipofungwa kwa takriban miezi miwili na wageni wengi wakafungasha. Kampuni nazo zimegundua kwamba meneja wa Kichina aliyesoma nje anafanya kazi ileile bila kulipiwa nyumba wala karo. Friji siku hizi inauzwa kwenye simu. Hata ule mstari wa herufi za Kichina umehamia huko: simu inatafsiri, inamwonesha dereva, inalipa nauli. Kidole bado kipo, kinagusa kioo.

Lakini kazi ya kumwongoza mgeni haijaisha, na hapa ndipo wahariri wa Afrika Mashariki wangeweza kujifunza kitu kutoka kwa Kitto. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Zaidi ya milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi. Baadhi wamezaliwa mjini, baadhi wameshuka kwenye mabasi. Mbao za matangazo kwenye maduka ya Masaki na Oysterbay zinamhudumia kwa Kiingereza mgeni anayetafuta mtunza bustani au anayeuza jenereta kabla ya kurudi Copenhagen. Hakuna kitu cha aina hiyo kwa mgeni anayetoka Sumbawanga, ambaye naye hajui chumba kinapangwaje, dalali anastahili kulipwa nini, kodi ya miezi sita inadaiwa kwa haki au kwa mazoea, kliniki ya wajawazito iko wapi, shule gani itampokea mtoto katikati ya muhula.

Mhariri atauliza nani atalipia, na ni swali la halali; ndilo lililoyazaa majarida ya Shanghai. Lakini jibu la kwamba pochi ndogo hazifai lilikwisha kupingwa katika ukanda huu. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, ilijenga biashara kubwa juu ya watu wanaotuma shilingi mia chache. Kampuni za simu, mabenki yenye mawakala mitaani na wauza sola hutumia fedha nyingi kumtafuta mtu yuleyule kwa mabango ya barabarani. Kurasa nne za huduma kila Jumamosi, zilizoandikwa na mtu aliyekwenda mwenyewe kuuliza bei na kupanga foleni, zingemfikia akiwa na shida mkononi, na huo ndio wakati mtu husoma tangazo.

Kwa sasa anafika kama alivyofika mjomba wake. Basi linaingia Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, jioni, mvua inanyunyiza. Anashuka na begi na kuku ndani ya tenga, anatoa mfukoni kipande cha karatasi ya daftari chenye namba ya simu na maneno matatu: Mbagala, Kizuiani, msikitini. Kijana wa bodaboda anakipokea, anakisogeza kwenye taa ya pikipiki, anakisoma, kisha anamtazama mwenye begi kuanzia viatuni mpaka usoni kabla ya kutaja nauli.